Shavu la Kulia la Nambunga

TANGAZO RASMI kwa walimu, wanafunzi, wapishi, walinzi na viumbe vyote vyenye macho. Mimi, Senkondo Mrutu wa Kidato cha Tatu, Mwenyekiti wa Maisha wa Chama cha Chembe, Mlinzi wa Picha Zinazotetemeka na Adui Aliyeapishwa wa Ung'arishaji, natangaza vita visivyo na mwisho dhidi ya mashine iitwayo Msafi, pamoja na wote wanaokula chumvi yake.

Nilikuwa nimesimama juu ya benchi la bwalo, sauti nimeikaza kama waziri anayefungua kiwanda. Nilipofika kwenye chumvi, benchi likapinduka, nami nikaketi ndani ya sufuria la makande. Vita visivyo na mwisho vikaahirishwa hadi mwenyekiti atoe maharage mfukoni.

"Mheshimiwa," akasema Bakiri Shemdoe, "ukimaliza kuoga, kaa chini. Filamu inaanza."

Bakiri alikuwa kiranja mkuu, na pia kiongozi wa wale tuliowaita Vioo. Vioo walitaka picha iwe safi, kali, bila doa. Sisi Chembe tuliitaka kama ilivyotoka kwenye mkanda, na chembechembe zake zinazocheza kama vumbi ndani ya mwale wa jua. Kama unadhani hilo si jambo la watu kurushiana viatu, basi hujawahi kulala bweni moja na watu wanaojua filamu moja tu, na wanaijua yote kwa moyo.

Filamu yenyewe ni Reli ya Mkonge. Ilipigwa zamani, enzi za mkanda, hapa hapa tulipo, kabla hapajawa shule. Bwalo letu lilikuwa ghala la marobota. Maabara ilikuwa ofisi ya meneja. Bweni la wasichana lilikuwa kambi ya manamba, wale vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka kusini na ng'ambo ya Ruvuma. Kila siku ya kuadhimisha shule huonyeshwa, na bwalo zima husema maneno ya mnyapara kabla mnyapara hajafungua mdomo.

Jumamosi ile hatukuwa tunaonyeshwa ile yetu. Tulikuwa tunaonyeshwa mpya. Msafi alikuwa amekwisha kuing'arisha, na Ijumaa inayofuata Baraza la Nakala lingeipiga muhuri. Dakika hiyo hiyo ile ya zamani ingefutika katika kila ukuta wa kuonyeshea filamu nchini, kuanzia kuta za hoteli hadi huu wa bwalo letu uliopasuka kona. Hiyo ndiyo Sheria ya Nakala Moja. Filamu moja, nakala moja, muhuri mmoja. Anayebaki na ya zamani ukutani anabaki na ukuta mweusi.

Madirisha yakafungwa. Ukuta ukawaka.

Kwanza ikaja mbingu. Ilikuwa ya buluu kama sare mpya ya chekechea.

"Wamepaka rangi!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. "Siku ile kulikuwa na mawingu!"

"Ulikuwepo?" Kioo mmoja akamjibu. "Ulikuwa umekaa kwenye wingu gani?"

Kisha akaja mnyapara, uso wake ukiwa laini kama sabuni iliyotolewa kwenye karatasi sasa hivi.

"Jasho liko wapi? Mtu amesimama juani tangu alfajiri, jasho liko wapi?"

"Amepaka losheni!"

"Nyamazeni, nyie mnaopenda kutazama filamu kupitia chandarua! Kwa mara ya kwanza naona kofia yake imeshonwa kwa uzi!"

"Nenda kaangalie kofia dukani! Vumbi la mkonge liko wapi? Nani alifagia shamba?"

Mwalimu Mntambo, anayetufundisha fizikia na ambaye ni mlezi wa klabu ya filamu, aligonga meza mara kadhaa na hakuna aliyemsikia. Nilikuwa nafurahi, nakiri. Hasira za watu wengine zimekuwa sukari yangu tangu darasa la tano. Nilikuwa tayari na mzaha wa wakati mnyapara atakapopanda trela, mzaha mzuri sana, ambao dunia haitausikia kamwe kwa sababu hapo ndipo Asumpta alipopiga ukelele.

Asumpta Likapa huwa hapigi ukelele. Ni katibu wa Chembe, na katika ugomvi wote ule wa kofia na mawingu alikuwa amekaa kimya, mikono magotini, akisubiri. Nilijua anasubiri nini. Kuna mahali manamba wanapanga foleni ya posho. Mwanamke mmoja anainua kichwa, anaitazama kamera moja kwa moja, hatabasamu, kisha anageuka na kwenda zake. Ni kitambo cha kupumua mara mbili. Mwanamke huyo ni Nambunga, mama yake bibi yake Asumpta. Hakuna picha yake nyingine duniani. Hata kaburi lake lilikwenda na upanuzi wa barabara.

"Simamisha!" alisema. "Bakiri, simamisha ukuta!"

Bakiri akasimamisha. Nambunga akabaki ametukodolea macho, mkubwa kama nyumba. Ngozi yake iling'aa. Mashavu yake yalikuwa matupu.

"Chale zake ziko wapi?"

Kila mmoja wetu alizijua zile chale. Mistari ya Kimakonde, iliyokatwa usoni na kutiwa masizi, tuliyokuwa tukiitazama kila mwaka bila kuifikiria. Sasa hazikuwepo, na ndipo tukaona kwamba uso ule bila chale ulikuwa uso wa mtu mwingine, mtu asiyekuwa na hasira na yeyote.

"Si amependeza?" akasema kijana mmoja wa Kidato cha Pili, kwa kunong'ona, lakini kila mtu alisikia. "Mjini watu wanalipia ngozi kama hiyo."

Kikombe cha Asumpta kilimpata juu ya jicho.

*

"Mashine haikukusudia," alisema Mwalimu Mntambo. Tulikuwa maabara, sisi watatu: Asumpta, mimi, na Bakiri, aliyeitwa kwa sababu kiranja mkuu huitwa kila mahali penye damu. "Sikilizeni. Mkanda ukipita kwenye mashine ya kuonyeshea, huchubuka. Mchubuko unaonekana kama mstari mwembamba mweusi. Msafi amefundishwa kuitafuta mistari hiyo na kuiziba kwa kilicho jirani yake. Amekuta mistari myembamba myeusi usoni pa mtu. Amedhani ni mikwaruzo ya mkanda."

"Kwa hiyo bibi yangu amechubuka," alisema Asumpta.

"Kwa mashine, ndiyo."

"Mashine haikosei kwa makusudi," Bakiri akasema taratibu.

"Hata mbu haumi kwa makusudi. Humpigi?"

Bakiri hakujibu. Ninamchukia kwa mambo mengi, na moja ni kwamba anajua wakati wa kutojibu.

Njia ilikuwepo. Mtu yeyote mwenye mkanda halisi, ule wa kushikwa mkononi, angeweza kuweka pingamizi mbele ya Baraza kabla ya muhuri. Na shule yetu ilikuwa na mkanda. Ulikuwa ndani ya makopo ya bati juu ya kabati la kemikali, zawadi ya waliopiga filamu kwa meneja wa shamba, ukinuka siki. Kazi yetu ilikuwa kupiga picha ya kila fremu kwa kamera ya maabara, kuzipanga, na kusema: tazameni, hivi ndivyo alivyokuwa.

"Kwa masharti," alisema Bakiri, na akayataja kama mtu anayesoma sala. "Ushahidi uwe haujaguswa. Fremu moja ikiguswa, hata moja, pingamizi lote linakufa, na haliletwi tena milele."

"Tunajua, kaka. Tumesoma uraia."

"Wewe umesoma. Babu yangu alichomewa duka, Senkondo. Kwa video ya maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Alikuwa amekaa ndani anasali wakati watu wanaitazama video yake barabarani. Usinifundishe kwa nini kuna sheria."

Miaka ile ya video za uongo sisi hatukuwepo, lakini hakuna nyumba isiyokuwa na hadithi yake. Nilifungua mdomo nimwambie jambo la kuchekesha kuhusu maduka, na Asumpta akanitazama, nikaufunga.

"Kuna jambo jingine," alisema Mwalimu, akijikuna shingo. "Baraza nalo linatumia mashine kupima. Mstari ukiwa upande mmoja tu wa uso, itasema ni mkwaruzo. Mkwaruzo hauwezi kuanguka mara mbili kwa mpangilio. Lakini mistari ikiwa mashavu yote mawili, imepangwa, itajua ni mkono wa binadamu. Tunahitaji mashavu yote mawili."

"Yapo mawili," alisema Asumpta. "Kila mtu ana mawili."

*

Alikuwa nayo mawili. Mkanda ulikuwa na moja.

Niligundua hilo Jumanne wakati wa michezo, shule nzima ikiwa uwanjani, na Asumpta akiwa golini kwenye netiboli kwa amri ya mwalimu wa zamu. "Nenda ukapige zile fremu," alikuwa ameniambia. "Wewe una mkono mtulivu. Seni, nakuamini." Nataka mwone uzito wa kauli hiyo. Mimi ndiye niliyemtia rangi ya kijani kuku wa mwalimu mkuu. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini na kitu chochote tangu kuku yule.

Niliweka mkanda juu ya taa, nikaangalia kwa lenzi. Shavu la kushoto lilikuwepo, zuri, na mistari yake iliyopinda kama vilima vilivyopandana kimoja juu ya kingine, kutoka puani hadi karibu na sikio. Shavu la kulia lilikuwa ukungu. Ukungu ulikuwa umeota ndani ya kopo miaka yote ile na kula picha, na kama kwa kuchagua ulikuwa umelila shavu hilo fremu baada ya fremu, tangu anapoinua kichwa mpaka anapogeuka. Nakala ya zamani iliyokuwa kwenye ukuta wetu ilikwisha kufungiwa na Baraza siku ile ile ya onyesho. Haikuonyeshwa tena wala kukopiwa, na kwenye ushahidi haikuhesabiwa. Mkanda peke yake.

Kelele za uwanjani zilikuwa zinaingia dirishani. Nilikaa nimeshika lenzi na nikapandwa na hasira ambayo sikuijua. Siyo ile ya sukari. Niliuchukia ukungu, nikalichukia kopo, nikawachukia watu wa Baraza waliokaa mahali fulani penye kiyoyozi na mashine inayodai uso wa mtu uthibitishwe mara mbili. Kama wangekuwa wameniibia mimi, ningefanya mzaha. Lakini walikuwa wamempora mtu ambaye hawezi kurusha kikombe.

Basi nikasema moyoni: ukweli unajulikana. Alikuwa na chale mashavu yote mawili. Bwalo zima ni mashahidi. Ninachofanya si kudanganya, ni kumsaidia ukweli kuvuka barabara.

Nikachukua mistari ya shavu la kushoto, nikaigeuza kama kwenye kioo, nikailaza juu ya ukungu. Ilikuwa imelingana mno na ya kushoto, kama iliyopimwa kwa rula, kwa hiyo nikaipindisha kidogo hapa, nikaikata kidogo pale. Ngozi iliyo katikati ilikuwa tupu, haina chembe hata moja, inang'aa kama kazi ya Msafi mwenyewe. Nikachukua kipande cha chembe kutoka shingoni mwake, nikakibandika. Fremu ya kwanza ilipendeza. Fremu ya pili nikabandika kipande kile kile. Na ya tatu, na zote zilizofuata. Filimbi ya kumaliza michezo ilikuwa imelia na nilisikia viatu vya netiboli vinakuja ngazini.

"Umepata?" Asumpta aliuliza, akihema, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

Nikamgeuzia skrini.

Alinyoosha kidole, akaligusa shavu la kulia, lile langu, sio lile la kushoto. Kisha akakaa kwenye kigoda cha maabara akalia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, mdomo wazi, na mimi nikaangalia jedwali la elementi ukutani nikalisoma lote.

*

Pingamizi lilisikilizwa bwaloni Alhamisi, siku moja kabla ya muhuri, kwa sababu sheria inasema ushahidi wa mkanda usikilizwe mahali mkanda ulipo. Afisa wa Baraza alikuwa mama mmoja mpole aitwaye Bi Ndyanabo, amevaa viatu vya kutembelea mbali, na mashine yake ya kupimia ilikuwa ndogo kama kopo la maziwa. Aliiweka juu ya meza ya viranja. Mbele kabisa, kwenye kiti pekee chenye mto, alikaa bibi yake Asumpta, Bibi Perpetua, aliyesafiri kutoka Newala. Shule nzima ilikuwa imempa shikamoo, mmoja mmoja, na yeye alikuwa ameitikia zote.

Mashine ilipima. Taa yake ikawa ya kijani.

"Mpangilio wa binadamu," alisoma Bi Ndyanabo. "Mashavu yote mawili. Kabla sijapokea, kuna mwenye neno?"

Chembe walikwisha kuanza kupiga meza. Nilikuwa nimesimama, mkono mmoja kifuani, nikiwapokea wananchi wangu. Na hapo Bakiri akanyoosha mkono.

"Naomba ichezwe," alisema. "Isisimame. Ichezwe polepole."

"Kibaraka wa Msafi!" mtu akapaza sauti. "Kaa chini!"

"Naomba ichezwe."

Ikachezwa. Nambunga aliinua kichwa polepole, akatutazama.

"Mimi nazichukia chembe," alisema Bakiri. "Mnajua wote. Nimezitazama miaka mitatu kama mtu anavyomtazama inzi kwenye chai. Kwa hiyo nazijua. Kila fremu ilipigwa na mwanga wake, na kila fremu ina chembe zake, ndiyo maana zinacheza, hazitulii hata kidogo. Tazama shavu la kushoto. Zinacheza. Tazama shingo. Zinacheza." Akasogea mpaka ukutani. "Tazama hapa kulia. Zimeganda. Ni zile zile, fremu ya kwanza mpaka ya mwisho. Hapa pamebandikwa."

Sitasahau sauti iliyotoka. Haikuwa ya watu, ilikuwa ya nyuki. Viatu viliruka. Kiongozi wa Vioo mwenyewe, katika siku ya ushindi wa watu, anatafuta inzi! Wakamwita mashine, wakamwita kioo cha msalani. Asumpta alipanda juu ya benchi, lile lile linalopinduka, na safari hii halikuthubutu.

"Uso wa bibi yangu umekukosea nini, Bakiri? Niambie! Mmezoea kuona watu wasio na alama, mkimwona mwenye alama lazima awe ameghushi? Seni alipiga fremu zile kwa mkono wake! Alikaa nazo jioni nzima! Seni, mwambie!"

Kila mtu akanigeukia.

Waheshimiwa, nimesema uongo mwingi maishani, na mwingi wao una ufundi. Huu haukuwa na ufundi wowote.

"Ni kamera ya maabara," nilisema. "Lenzi yake ni mbovu upande wa kulia. Inagandisha. Na wewe Bakiri, kama una wivu, sema una wivu, usimsingizie marehemu."

Wakashangilia. Bakiri alinitazama tu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama duka la babu yake.

Bi Ndyanabo aliweka kidole juu ya mashine. "Taa ni ya kijani," alisema. "Mashine haioni kosa. Kijana anaona. Mpiga picha anakanusha. Mkanda uliozeeka haufunguliwi mara mbili, kwa hiyo kwa sheria neno la mpiga picha ndilo kiapo. Una hakika, mwanangu?"

Nilijua hesabu yake. Nikisema ndiyo, kesho Nambunga anarudi katika kila ukuta wa nchi akiwa na uso wake, au karibu na uso wake. Nikisema hapana, hata shavu la kushoto linakwenda, lile la kweli, ambalo halikuwa na kosa lolote, na haliletwi tena milele. Kwa hiyo mwanafalsafa yeyote angesema ndiyo. Nilikwisha kuvuta pumzi ya kuisema.

"Subiri kwanza," alisema Bibi Perpetua.

Alisimama kwa kushika mgongo wa kiti. Akaenda mpaka ukutani, hatua fupi fupi, akasimama chini ya uso wa mama yake, na kichwa chake kilifika kwenye kidevu kile kikubwa.

"Mjukuu wangu," aliniita, bila kugeuka. "Mimi mambo ya chembe siyajui. Mama alifariki sijaota meno ya pili. Uso wake nilikuwa nao vipande vipande. Vilima hivi navikumbuka. Huwa navihesabu nikikosa usingizi. Lakini huu hapa." Alinyoosha mkono na kuuweka karibu na sikio la kulia, mahali mstari wa mwisho unapojikunja mara mbili, huku na huku. "Huu nilikuwa siukumbuki. Asubuhi waliponionyesha nikasema, eti nimemsahau mama kiasi hiki? Nimekaa hapa tangu hapo nautafuta. Na sasa hivi, wakati hawa wanapigiana kelele, nimeanza kuukumbuka. Nimekumbuka nimebebwa, nauchezea kwa kidole. Nimefurahi sana." Ndipo akageuka. "Lakini nimeogopa pia, maana umekuja haraka. Niambie wewe uliyekaa naye. Ulikuwepo?"

Hakuna mzaha niliokuwa nao. Niliutafuta, nawaambia kweli. Nilipekua kila mfuko.

"Haukuwepo, Bibi."

"Sema kwa sauti, mjukuu wangu. Sikio hili halisikii vizuri."

"Haukuwepo! Kulikuwa na ukungu tu. Upande wote wa kulia ni ukungu. Nimechora mimi." Na kwa kuwa alikuwa bado ananitazama, na kwa kuwa kidole chake kilikuwa bado pale pale, yakatoka na yale ambayo hata Bakiri hakuyajua, ambayo nilikuwa nimeapa kufa nayo. "Na huo mstari ni herufi ya jina langu. Es. Niliiweka mwishoni. Niliona kazi imependeza, nikaweka alama yangu, kama fundi. Nilidhani inachekesha. Nilidhani hakuna atakayeiona."

Bi Ndyanabo alizima mashine yake. Hakuizima kwa hasira. "Pingamizi limekufa," alisema, na akaanza kufunga mkoba, akiangalia mikono yake mwenyewe. Bakiri aliketi. Hakuna Kioo hata mmoja aliyeshangilia.

Asumpta alishuka kwenye benchi akaja mpaka mbele yangu, karibu sana, na nikasubiri kikombe. Sikupata kikombe.

"Msafi alidhani ni uchafu," alisema. "Msafi hajui kitu. Wewe unajua. Wewe umemjua tangu Kidato cha Kwanza. Ukamwandika jina lako usoni."

"Nilitaka kumrudisha."

"Ulimrudisha nani?"

"Asumpta," aliita bibi yake. "Mwache. Mlete hapa."

Nikaenda. Bibi Perpetua alinishika mkono kwenye kifundo, kama mnavyomshika mtoto kabla ya kuvuka barabara, akanisimamisha mbele ya ukuta. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Kesho wanaufuta uso wote," alisema. "Basi leo nimtazame vizuri. Nionyeshe ipi ni ya mama na ipi ni yako, mmoja mmoja, nijue upi wa kuusahau. Na usiruke hata mmoja."

Bwalo zima lilikuwa linatazama. Nikainua kidole. Nikakiweka juu ya mstari uliojikunja karibu na sikio.

"Huu ni wangu," nilisema. "Huu pia wangu. Na huu. Huu wangu."